Mpaka Mtu Aseme Nimepokea

2 Juni

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku wote hatujambo, isipokuwa mimi. Naandika upesi kabla sijaghairi: Idara ya Maji imeniachisha kazi. Wanasema nililala zamuni, tangi la mlimani likafurika usiku kucha, maji yakaangusha ukuta wa diwani. Dada, wewe unanijua. Nimewahi kulala harusini, na nililala hata siku ile shemeji alipokuwa anatusimulia safari yake, lakini kwenye pampu sijawahi kulala. Boya la tangi, lile la kufunga maji likijaa, lilikuwa limekatika. Nilitoa taarifa nikaambiwa kifaa kinakuja. Ukuta wa diwani ukaanguka kabla hakijafika.

Nyumba ya pampu unaikumbuka, ni ile ile aliyofanyia kazi Baba: rangi ya kijani mpaka kiunoni, dirisha moja lenye wavu, pampu mbili ambazo sasa ni moja, maana ya pili tumeichinja tupate vipuri vya mwenzake. Nyumba za watumishi ziko jirani, kwa hiyo nikiwa kitandani naisikia. Huyu mpya waliyemweka mahali pangu anafungua vali kwa pupa. Natamani nikamshike mkono.

Msimamizi wangu, yule tuliyempa jina la Bwana Taratibu, anasema nisifanye haraka. Kamati ya rufaa ya Idara itakaa, yeye atanisemea, mambo yataisha kimya kimya. Wewe unachapa kesi za watu kutwa kwa huyo wakili wako. Niambie tu kama kusubiri ni sawa.

Mdogo wako,
Fundi Pampu


10 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea mezani, mashine ya chapa mbele yangu, machozi yakanitoka mpaka mteja aliyeketi hapo akadhani nalilia kesi yake. Pole sana. Sasa futa uso unisikilize, maana nimemuuliza wakili mwenyewe na aliweka kalamu chini kunijibu.

Ukifukuzwa na mwenye duka una miaka ya kumshtaki. Mwajiri wako lakini ni serikali, na serikali imejichongea mlango mwembamba. Una miezi sita tangu siku uliyoachishwa, basi. Tena kabla ya kufungua kesi lazima uwape notisi, wakae nayo mwezi mzima. Ukichelewa hata siku moja hakuna atakayeuliza kama ulilala au hukulala. Wanaangalia kalenda, wanakurudisha nyumbani na haki yako mkononi.

Hiyo kamati ya rufaa ikae au isikae, muda hauisubiri. Wakili anasema wengi wamezama hapo hapo: wanangoja kamati, na kamati inangoja mlango ufungwe. Najua utaniambia subira yavuta heri. Mimi nakwambia ngoja ngoja huumiza matumbo.

Nataka vitu viwili: barua waliyokupa, na siku uliyoachishwa. Na wifi yangu mwambie ukweli, kama hujamwambia. Naujua ukimya wako.

Dada yako


24 Juni

Dada,

Ahsante. Siku yenyewe ni tarehe 19 Mei, asubuhi, kwenye kubadilishana zamu. Barua yao anayo Bwana Taratibu, ameichukua akaionyeshe kamati. Nitaiomba.

Unaijua sheria ya Baba, ambayo mpaka leo ndiyo sheria ya pampuni: mtu haondoki mpaka anayeingia ashike gurudumu la vali na kusema "nimepokea." Unakumbuka mvua kubwa ilivyokata barabara, Baba akakaa mle siku mbili, sisi tunampelekea chakula tumejifunika magunia? Mama alisema mume wake ameolewa na chuma. Basi tarehe 19 Mei huyu mpya alishika gurudumu akasema nimepokea, nikachukua koti langu. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote, lakini siku ile liliniuma.

Usimchukie Bwana Taratibu. Tumekula pamoja miaka mingi.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Nimeshusha pumzi. Tangu 19 Mei mpaka 19 Novemba, tuna nafasi ya kutosha. Wakili amekubali kukubeba, na kuhusu malipo amesema tutaongea tukishinda, jambo ambalo sijawahi kumsikia akimwambia mtu, hata mkwe wake. Notisi nimeanza kuichapa. Nangoja hiyo barua tu niambatanishe.

Umenikumbusha Baba. Mimi ndiye niliyewahi kumpokea, umesahau? Alikuwa na homa, anatetemeka, mwenzake hajafika. Nikapanda juu ya ndoo, nikashika gurudumu kwa mikono yote miwili, nikasema "nimepokea!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akalala kidogo pale sakafuni, mimi nikatazama sindano ya geji, kile kipimo cha nguvu ya maji, kama alivyoniambia, bila kupepesa.

Leta barua.

Dada yako


20 Julai

Ndugu yangu,

Nasikia dada yako anataka kutuma notisi. Nakusihi, mzuie. Kamati imesogezwa mpaka Agosti kwa sababu mwenyekiti yuko safarini. Nimeshaongea na wajumbe wawili, wanakuonea huruma. Mtu akishaleta notisi ya mawakili huruma inaisha, anakuwa adui wa Idara. Mwenda pole hajikwai. Mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani.

Barua yako nitakurudishia. Na tafadhali, pita umwelekeze huyu kijana mpya kuhusu ile pakingi ya kuzibia pampu inayovuja. Anaikaza mno.

Ni mimi,
Msimamizi wako


9 Agosti

Dada,

Kamati haikukaa. Sasa wanasema Septemba. Jana wamekuja na gari kututoa nyumba ya watumishi. Mama watoto alibeba vyombo akanipita kama mpita njia, na hiyo ni mbaya kuliko kama angenitukana. Tumepata chumba kimoja nyuma ya gereji. Kuta zinanuka rangi ya kupulizia, watoto wanakohoa.

Bwana Taratibu alinirudishia barua yangu siku hiyo hiyo, naambatanisha. Ukiona tarehe iliyo juu yake usishtuke. Nitakueleza.

Mdogo wako


15 Agosti

Wewe!

Nisishtuke? Nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Barua inasema umeachishwa kazi kuanzia tarehe 17 Februari. Februari! Sahihi yako ya kupokea iko chini, tarehe hiyo hiyo. Miezi sita inaisha keshokutwa. Notisi inataka mwezi mzima. Hata nikikimbia peku mpaka Idara yenyewe, haiwezekani.

Kwa nini uliniambia Mei? Ulikuwa wapi Februari, Machi, Aprili? Nimemwambia wakili uongo kwa mdomo wangu. Alinitazama tu, akavua miwani, akasema, "Muulize ndugu yako alikuwa anafanya nini katikati." Kesho notisi inakwenda hivyo hivyo ilivyo, kwa sababu sijui kufanya kingine.

Nijibu. Nijibu ukweli, hata kama ni wa aibu. Barua nampa kondakta wa basi.

Dada yako


18 Agosti

Dada yangu,

Nisamehe. Nilikuwa pampuni.

Barua nilipewa nikiwa zamuni. Nikasoma, nikatia sahihi, nikaangalia saa, nikangoja mtu wa kunipokea. Hakuja. Nikamfuata Bwana Taratibu. Akasema, "Kweli wamekuachisha, lakini wa kushika zamu yako hatuna. Ukiondoka hospitali inakauka leo jioni. Shika taratibu mpaka apatikane mtu, huenda wakabadili mawazo." Ningefanyaje? Ningezima nikaenda nyumbani? Baba angefufuka.

Nikashika. Wiki ikaenda, ukaja mwezi, ukaja wa pili. Mshahara hamna, na mama watoto nilimwambia umechelewa, na kwa kuwa kila mwaka huchelewa hakushangaa. Nilidhani wakiniona niko pale pale kila siku, barua yenyewe itaona haya. Nilimpenda kila mtu aliyepita mlangoni akaniuliza habari za kazi, kwa sababu mtu aliyefukuzwa haulizwi habari za kazi.

Kwa hiyo ulipouliza niliachishwa lini, nilikwambia siku niliyopokewa. Sikukudanganya, Dada. Kwangu mimi ndiyo siku. Mtu hajatoka mpaka apokewe. Ni jana tu, mama watoto aliponisomea barua yako kwa sauti pole pole kama anamsomea mtoto, ndipo nilipoelewa kwamba karatasi ilikuwa inahesabu muda mimi nikihesabu maji.

Sasa anajua yote. Aliniuliza swali moja: "Uliwapa miezi mitatu ya bure, sisi ukatupa nini?" Silali. Nikisikia pampu kwa mbali nataka kuziba masikio, na isiposikika ndiyo naogopa zaidi. Nisaidie, Dada. Kama hakuna la kufanya niambie hivyo, nijue.

Mdogo wako


22 Agosti

Mdogo wangu,

Nimelia, kisha nimekasirika, kisha nimemsomea wakili barua yako yote. Aliposikia "shika mpaka apatikane mtu" alinyanyuka kitini. Anasema ikiwa mkubwa wako wa kazi ndiye aliyekubakiza, na ulifanya kazi kweli mpaka Mei, basi tunaweza kusema uliachishwa Mei na muda wetu haujaisha. Mlango haujafungwa wote. Umebaki ufa.

Lakini mahakama haiwezi kuchukua neno lako peke yako. Anahitajika mtu wa kuapa kwamba ulikuwa pale kwa amri yake. Wa zamu nyingine wote ni vibarua wanaobadilishwa kila wiki, hawajui nani alifukuzwa lini. Aliyekuamuru ni mmoja.

Mwandikie. Mimi nikimwandikia nitamtukana.

Dada yako


25 Agosti

Ndugu yangu, Msimamizi,

Sijakuomba kitu tangu tufahamiane, labda kiberiti. Leo naomba. Njoo mahakamani useme ulichoniambia Februari, kwamba nishike mpaka apatikane mtu. Usiongeze wala usipunguze. Tangi, boya na ukuta niachie mimi.

Najua umebakiza miezi michache ustaafu. Najua hali ya shemeji, mkeo, na safari zake za hospitali. Ningekuwa na mtu mwingine ningemfuata huyo.

Ni mimi,
Fundi


30 Agosti

Kwa: Aliyekuwa Mwendesha Pampu

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 25 AGOSTI

Tafadhali rejea barua yako inayohusika na kichwa cha habari hapo juu. Napenda kukufahamisha kuwa kwa mujibu wa Idara ulikoma kuwa mtumishi tarehe 17 Februari. Ofisi hii haina taarifa ya wewe kuwepo kazini baada ya tarehe hiyo.

Nakutakia kila la heri.

Msimamizi wa Mitambo


6 Septemba

Dada,

Nakuletea majibu yake. Soma mwenyewe. Hakuniita ndugu, ameniita aliyekuwa.

Nimekwenda mpaka nyumbani kwake. Nilimwona kupitia dirishani, amekaa, taa imewashwa, redio inaimba. Nikabisha hodi mara tatu. Redio ikazimwa, kisha taa. Nikasimama kwenye ngazi zake kama mdai. Mtu niliyekula naye sahani moja!

Nimechoka. Waambie waiache kesi. Kuna mtu wa gereji anataka wa kuosha magari, naanza kesho. Angalau ni maji.

Mdogo wako


13 Septemba

Osha magari, ule. Kesi siiachi. Notisi imekwishatolewa, mwezi wake ukitimia tunafungua. Wenye Idara wataleta pingamizi kwamba tumechelewa, tutalijibu kwa tulichonacho. Ukizama, uzame mimi nikikushika shati.

Dada yako


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Pingamizi limekuja kama tulivyotarajia. Litasikilizwa tarehe 14 Oktoba, saa tatu asubuhi, huku. Wanasema tangu Februari hadi Mei pampu iliendeshwa na "watumishi wa Idara." Hawasemi nani. Wakili amenieleza bila kunificha: bila shahidi, siku hiyo itakuwa fupi sana. Uje tarehe 13 ulale kwangu. Uje na shati jeupe.

Dada yako


12 Oktoba

Fundi,

Namtuma mlinzi akuletee huko gereji. Naandikia magotini, nimekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mmoja mfupi.

Kijana wetu mpya ameacha kazi. Ameondoka Alhamisi bila kuaga, ameitwa kiwandani. Vibarua nao wamekatazwa, mkataba wao umeisha. Nimepiga hodi kila ofisi. Mkurugenzi ameniambia, "Shika wewe kwanza mpaka tupate mtu." Alisema vivyo hivyo, Fundi, kwa maneno yale yale niliyokwambia mimi. Niko humu tangu Alhamisi. Pakingi inavuja, miguu imevimba, na shemeji yako yuko hospitali hiyo hiyo inayokunywa maji haya. Nikizima, namzimia yeye.

Usiku ule uliobisha hodi nilikuwa nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo. Barua yangu ile aliiandika mtu wa sheria wa Idara, mimi nikaitia sahihi. Niliogopa. Bado naogopa. Lakini nimekaa hapa siku hizi nikaelewa nilikufanya nini, na nataka kwenda kusema. Tatizo siwezi kutoka. Hakuna wa kunipokea.

Msimamizi


13 Oktoba

Dada,

Usinitafute mahakamani. Anayekuletea barua hii ndiye Bwana Taratibu mwenyewe. Mpe kwanza chai, ana njaa.

Nimekuja pampuni asubuhi hii na shati langu jeupe na tiketi mfukoni. Nilimkuta amesinzia kwa kusimama, kashika bomba. Tulitazamana. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga tangu Septemba. Nikashika gurudumu, nikasema, "Nimepokea." Akaanza kulia kama mtoto. Tiketi nimempa yeye, na koti langu, maana huko kwenu kuna baridi.

Najua nimefanya nini. Nimeingia jengo la serikali bila ruhusa, wakinikuta watanipeleka polisi. Najua pia anaweza kushuka kituo chochote njiani, asifike kwako. Basi lina vituo vingi na yeye ni mwoga. Nitakaa humu siku nzima ya kesho bila kujua. Mama watoto amesema mimi ni mjinga, kisha akaniletea chakula.

Akifika, usimtukane. Asipofika, wewe ulishanifanyia yote.

Mdogo wako,
Fundi Pampu


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Alifika. Jana saa moja na nusu usiku yuko mlangoni kwangu, koti lako linampwaya, grisi mpaka kwenye viwiko. Sikumtukana. Chai alikunywa vikombe vitatu.

Mahakamani wakili wa Idara alisema sana. Tarehe 17, tarehe 17, mpaka nikachukia namba. Kisha wakili wetu akamsimamisha Bwana Taratibu, akamuuliza, "Nani aliendesha pampu baada ya Februari?" Bwana Taratibu alimtazama mtu wa sheria wa Idara, akatazama mikono yake, nikasema moyoni tumekwisha. Ndipo akasema, "Ni huyo huyo anayeiendesha sasa hivi."

Jaji akauliza, "Huyo aliyeachishwa kazi?"

"Ndiye, mheshimiwa. Mimi ndiye niliyembakiza. Jana asingenipokea nisingefika hapa."

Jaji aliandika muda mrefu. Pingamizi limetupwa. Hujashinda, bado, wamekubali tu kukusikiliza. Habari za tangi na boya na ukuta zitaanza upya Januari. Lakini mlango umefunguliwa, na hakuna atakayekurudisha kwa kalenda tena. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikalia mbele za watu.

Bwana Taratibu amesimamishwa kazi pale pale koridoni, kabla hata hajavaa koti. Wamemwambia asikanyage tena pampuni. Wewe nawe wamesema watakutumia askari. Kwa hiyo sasa mko wawili msioruhusiwa kuigusa ile pampu, na ndio wawili pekee mnaoijua. Nilimuuliza nani atakayekupokea. Akasema hakuna mtu.

Barua hii anakuja nayo yeye kwa basi la mchana. Mimi nakuja na la jioni, wakili amenipa ruhusa. Usizime, usiondoke. Pampu yenyewe utanifundisha tena nikifika, na ndoo ya kupandia siku hizi siihitaji. Ile kauli naijua.

Dada yako